Ufaransa 1940–1944: nani alipigana, nani alikuwa kibaraka, na nani alifutwa kwenye kumbukumbu

Mpekuzi wa Nyaraka (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mwaka 1956 Wafaransa walitengeneza filamu fupi kuhusu kambi za Wanazi, Nuit et brouillard, mwongozaji akiwa Alain Resnais. Ilipofika kwa wakaguzi wa filamu ikazua ugomvi kwa sababu ya picha moja. Ilipigwa kwenye kambi moja ya wafungwa kusini mwa Paris, na pembeni alionekana askari akilinda waliofungwa. Kofia aliyovaa ilikuwa ya jandarmeri ya Ufaransa, yaani askari polisi wa nchi yenyewe. Wakaguzi wakashikilia kwamba kofia ile isionekane, na mwishowe ikafunikwa ndipo filamu ikapita.

Vita ilikuwa imekwisha miaka 11 nyuma, na bado kofia moja iliwashinda kuitazama. Nimeleta uzi huu tuzungumze kwa nini.

Kwanza mambo yenyewe yalivyokuwa. Mei na Juni 1940 jeshi la Ufaransa lilisambaratika ndani ya wiki sita. Marshal Philippe Pétain, mzee wa miaka 84 na shujaa wa Verdun katika vita ya kwanza, akashika serikali, na tarehe 22 Juni mkataba wa kusitisha vita ukasainiwa. Kaskazini na pwani yote ya Atlantiki zikawa mikononi mwa Wajerumani. Kusini ikabaki chini ya serikali ya Pétain, makao yake Vichy, mji wa mahoteli na maji ya tiba. Tarehe 10 Julai wabunge walikutana hukohuko Vichy. 569 wakapiga kura ya kumkabidhi mamlaka yote, 80 wakakataa. Tuliweke hili akilini: mzee hakupindua nchi, alikabidhiwa.

Oktoba mwaka ule alipeana mkono na Hitler huko Montoire, kisha akawatangazia wananchi redioni kwamba ameingia njia ya ushirikiano. Mwezi huohuo, tarehe 3, serikali yake ilikuwa tayari imetunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa umma, ualimu, uandishi wa habari na kazi nyingine nyingi.

Halafu ikaja Julai 1942. Alfajiri ya tarehe 16 polisi wa Ufaransa ndio waliopita nyumba kwa nyumba jijini Paris wakiwa na orodha walizoziandaa wenyewe. Ndani ya siku mbili walikamata Wayahudi 13,152, zaidi ya 4,000 wakiwa watoto. Familia zenye watoto zilirundikwa kwenye uwanja wa mbio za baiskeli, Vélodrome d'Hiver (Vel d'Hiv kwa kifupi), siku kadhaa za joto kali, maji haba, vyoo havifai. Pierre Laval, mkuu wa serikali, ndiye aliyependekeza watoto nao wapelekwe. Hadi vita inaisha, Wayahudi wapatao 76,000 walikuwa wamesafirishwa kwa treni kutoka Ufaransa, wengi wao kwenda Auschwitz. Waliorudi hai ni kama 2,500.

Upande wa pili kulikuwa na watu ambao hadi leo nikiwasoma nasimama. Jean Moulin alikuwa mkuu wa mkoa aliyefukuzwa kazi na Vichy. Akatoroka hadi London kwa Jenerali de Gaulle, aliyekuwa akiendeleza vita kutoka huko kwa jina la Ufaransa Huru, akarudishwa kwa parachuti Januari 1942, akazunguka kwa siri akiunganisha vikundi ambavyo vilikuwa haviaminiani kabisa: wakomunisti, Wakatoliki, wasoshalisti, wanajeshi wa zamani. Tarehe 27 Mei 1943 akawaketisha chumba kimoja, mtaa wa rue du Four, Paris. Wiki chache baadaye alikamatwa Caluire, karibu na Lyon, akateswa na Klaus Barbie wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akafa bila kutaja jina la mtu. Na juu milimani, Le Chambon-sur-Lignon, wakulima wa Kiprotestanti na mchungaji wao André Trocmé walificha Wayahudi kwa miaka, wengi wao watoto.

Sasa sikilizeni de Gaulle alivyosema tarehe 25 Agosti 1944, Paris ikiwa imekombolewa siku ileile. Alisema Paris imejikomboa yenyewe, imekombolewa na watu wake, kwa msaada wa majeshi ya Ufaransa, kwa msaada wa Ufaransa nzima inayopigana. Washirika wa nje wakapata kipande kidogo tu cha sentensi. Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya taifa lililopinga kwa moyo mmoja, isipokuwa wasaliti wachache.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hadithi ya upinzani haikuwa uongo. Waliopigana walipigana kweli, waliochinjwa walichinjwa kweli. Tatizo ni kwamba heshima ya wachache iligawiwa kwa wote, hata kwa waliokuwa wamevaa ile kofia, na ili hesabu ikae sawa ikabidi wengine waliostahili waondolewe. Nitaendelea.

Kijana wa Mbagala

Mkuu shusha madini, naweka kambi hapa. Nilichosoma shuleni ni D-Day tu.

Mwanasheria Pori

Mleta uzi, heshima kwako, lakini naona unamwonea de Gaulle. Agosti 1944 alikuwa na nchi ambayo reli zimelipuliwa, chakula hakuna, wakomunisti wana bunduki, na Wamarekani walikuwa wameshaandaa utawala wa kijeshi na hata noti za fedha za kutumika Ufaransa. Angesimama jukwaani aseme "nusu yenu mlimshangilia Pétain" nini kingetokea? Wenye bunduki walikuwa tayari wanaua. Waliouawa bila mahakama katika kulipiza kisasi ni karibu 9,000. Kiongozi kazi yake ni kuzuia nchi isichinjane. Aliwapa watu hadithi ya kusimamia, na Ufaransa ikaingia kwenye meza ya washindi.

Pia kisheria ana hoja. Amri ya tarehe 9 Agosti 1944 ilisema matendo ya Vichy ni batili, jamhuri haikuwahi kufa, ilihamia London na Afrika. Kwa hiyo kofia ile si ya Ufaransa, ni ya genge lililoiteka serikali.

Mpekuzi wa Nyaraka

Mwanasheria, nakubali nusu. Wiki ile, jukwaa lile, hata mimi nisingemlaumu. Lakini hadithi ya wiki moja iligeuzwa kuwa historia ya miaka 25, na hapo ndipo wenye haki zao walipodhulumiwa.

Angalia nani aliingia Paris kwanza. Jioni ya tarehe 24 Agosti, magari ya deraya yaliyofika ukumbi wa jiji yalikuwa ya kampuni ya 9 ya jeshi la Jenerali Leclerc wa Ufaransa Huru, na gari la mbele liliandikwa Guadalajara. Wengi wa kampuni ile walikuwa Wahispania, wakimbizi waliomkimbia dikteta Franco. Ufaransa yenyewe ilikuwa imewafungia wengi wao kambini mwaka 1939! Kwenye simulizi ya Paris iliyojikomboa hawakupata nafasi kwa miongo mingi.

Angalia Waafrika. De Gaulle mwaka 1940 hakuwa na ardhi. Aliyempa ardhi ni Félix Éboué, gavana mweusi wa Chad mzaliwa wa Guyana ya Ufaransa, aliyejiunga naye tarehe 26 Agosti 1940. Brazzaville ikawa mji mkuu wa Ufaransa Huru. Vijana wa Senegal, Mali, Chad, Algeria na Morocco walipigana Italia, wakatua Provence Agosti 1944, wakaikomboa Toulon kwa mapigano ya mtaa kwa mtaa. Vuli ilipofika, jeshi likapaka rangi yake upya: maelfu ya askari weusi waliondolewa mstari wa mbele, makoti na silaha zao wakapewa vijana wa Kifaransa waliotoka msituni. Sababu iliyotolewa ni baridi ya milima ya Vosges. Sababu nyingine haikusemwa kwa sauti: ushindi ulitakiwa uwe na uso mweupe.

Kisha Thiaroye, nje ya Dakar, tarehe 1 Desemba 1944. Askari hao walikuwa wametoka kufungwa na Wajerumani, wakarudishwa, wakadai mishahara yao ya miaka ya kifungo. Jeshi la Ufaransa, jeshi lao wenyewe, likawamiminia risasi. Utaniambia hilo nalo lilikuwa la kuzuia nchi isichinjane?

Binti wa Pwani

Assalaam alaykum. Hapo kwenye Vichy na Ufaransa naomba niongeze la kwetu.

Babu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, na alikwenda vita ya Madagaska mwaka 1942. Kisiwa kilikuwa kimebaki upande wa Pétain chini ya gavana Armand Annet. Waingereza walitua Diego Suarez Mei 1942 wakihofia Wajapani wasije kuikamata bandari ile, na Septemba wakatua Majunga, na brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa waliopanda kuelekea mji mkuu, Tananarive (Antananarivo ya leo). Humo mlikuwa na vijana wa Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Walikuta barabara zimezibwa kwa mawe na magogo, madaraja yamevunjwa, na risasi zinawasubiri ng'ambo. Annet alisalimu amri Novemba.

Kwa hiyo Mwanasheria, kaka yangu, hoja ya genge mimi hainikai. Genge halina magavana hadi Bahari ya Hindi. Bendera iliyopepea Tananarive ilikuwa ileile ya rangi tatu. Babu alisema wao waliambiwa wanakwenda kupigana na Wafaransa, basi, hakuna aliyewaeleza Vichy ni nini.

Mwanasheria Pori

Dada, hapo umenishika pabaya. Nikuulizeni basi jambo ambalo nimelisikia kwa wanaomtetea Pétain hata leo. Mwanasiasa Éric Zemmour aligombea nalo urais wa Ufaransa 2022. Wanasema robo tatu ya Wayahudi waliokuwa Ufaransa walinusurika, wakati Uholanzi walioangamia ni robo tatu. Kwamba Pétain aliwatoa Wayahudi wageni ili awaokoe Wayahudi raia. Jibu ni lipi?

Mpekuzi wa Nyaraka

Swali zuri, na ndilo linalowauma Wafaransa zaidi ya yote.

Namba ya robo tatu ni ya kweli. Sifa yake inaibiwa. Kwanza, Vichy ilianza kuwatengeneza hao "wageni" yenyewe: sheria ya Julai 1940 iliwanyang'anya uraia watu wapatao 15,000, miongoni mwao Wayahudi wapatao 6,000, na Oktoba mwaka ule Wayahudi wa Algeria karibu wote wakavuliwa uraia waliokuwa nao tangu 1870. Pili, maelfu ya watoto waliokamatwa Vel d'Hiv walikuwa wamezaliwa Ufaransa na ni raia. Tatu, msako ulipozidi 1943 na 1944, hata raia wa vizazi na vizazi walipandishwa treni.

Walionusurika waliokolewa na ukubwa wa nchi, na mpaka wa Uswisi na Uhispania, na Waitaliano waliokataa kuwatoa kwenye eneo lao hadi Septemba 1943, na zaidi ya yote na watu wa kawaida: mwalimu aliyeandikisha mtoto kwa jina bandia, karani wa halmashauri aliyegonga muhuri wa uongo, mtawa aliyefungua mlango. Agosti 1942 Askofu Mkuu Saliège wa Toulouse aliandika waraka usomwe makanisani, akisema Wayahudi nao ni binadamu, wanaume kwa wanawake, si kila kitu ni halali dhidi yao. Serikali ilijaribu kuuzuia usisomwe. Baada ya hapo Vichy yenyewe ikaanza kuona kwamba ukamataji unaigharimu. Basi anayempa Pétain sifa hiyo anawanyang'anya wakulima na watawa wale kitu chao.

Kijana wa Mbagala

Hapo nimeelewa kabisa. Sasa ukimya ulivunjwaje? Serikali ilikiri yenyewe?

Mpekuzi wa Nyaraka

Haikukiri yenyewe hata kidogo, mdogo wangu. Ilisukumwa, na waliosukuma wengi walitoka nje au walikuwa watoto wa waliouawa.

Marcel Ophuls alitengeneza filamu ya saa nne, Le Chagrin et la Pitié, kuhusu mji wa Clermont-Ferrand wakati wa uvamizi. Aliwaketisha mbele ya kamera wakulima wa upinzani, mwenye duka, hata Mfaransa aliyejitolea kuvaa sare ya SS, jeshi la chama cha Wanazi. Televisheni ya taifa ikaikataa. Ikaonyeshwa sinema mwaka 1971, na kwenye televisheni ikafika 1981 tu. Katikati hapo Mmarekani Robert Paxton akatoa kitabu chake juu ya Vichy, kikatafsiriwa Kifaransa 1973. Alitumia nyaraka za Wajerumani kwa sababu za Ufaransa zilikuwa zimefungwa, na akaonyesha kwamba Vichy haikuwa ngao: mara nyingi ndiyo iliyokwenda kwa Wajerumani na mapendekezo mkononi.

Serge Klarsfeld, ambaye baba yake alikamatwa Nice mwaka 1943, alichapisha mwaka 1978 kitabu chenye majina ya waliosafirishwa, treni kwa treni. Yeye na mkewe Beate, Mjerumani, ndio waliomfuatilia Barbie hadi Bolivia. Akahukumiwa kifungo cha maisha Lyon mwaka 1987. Ila Barbie alikuwa Mjerumani, kumhukumu hakukuuma. Kuuma kulianza walipofikiwa wenyeji.

René Bousquet, mkuu wa polisi wa Vichy aliyepanga ukamataji wa 1942 na Wajerumani, alihukumiwa 1949 adhabu ndogo ambayo ilifutwa papo hapo kwa madai kwamba aliusaidia upinzani. Akaishi kwa heshima kwenye benki, akiwa rafiki wa Rais François Mitterrand. Mwaka 1993, kesi yake ikikaribia, akapigwa risasi nyumbani kwake. Maurice Papon alisaini karatasi za kuwasafirisha Wayahudi wa Bordeaux, kisha akawa mkuu wa polisi wa Paris, na polisi wake ndio waliowaua Waalgeria kwenye maandamano ya tarehe 17 Oktoba 1961. Kisha akawa waziri wa bajeti! Alihukumiwa miaka 10 mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 87. Ile hadithi ya taifa zima kupinga iliwalinda watu wa namna hii. Ndiyo maana naikasirikia.

Binti wa Pwani

Na wanawake je? Picha ninazoziona za ukombozi ni za wanawake wananyolewa vichwa hadharani na umati unacheka.

Mpekuzi wa Nyaraka

Wanahistoria wanakadiria walionyolewa ni kama 20,000. Wengine walishtakiwa kulala na Mjerumani, wengine kufanya biashara nao, wengine chuki ya jirani tu. Wanaume waliouza saruji kwa ajili ya ngome za Hitler pwani ya Atlantiki hawakunyolewa. Na waliopigana nao walisahaulika: kati ya watu 1,038 waliopewa nishani ya Wenzi wa Ukombozi, wanawake ni sita. Lucie Aubrac aliongoza shambulio la kumkomboa mumewe kwenye gari la Wajerumani Lyon, Oktoba 1943, akiwa mjamzito. Wabeba barua, waliokuwa wanapita vizuizini na silaha chini ya viazi, wengi hawakuomba hata kadi ya upiganaji baada ya vita.

Mwanasheria Pori

Niweke na Oradour, maana si kila ukimya ulitoka juu kwa nia mbaya. Tarehe 10 Juni 1944 SS waliua watu 643 kwenye kijiji cha Oradour-sur-Glane, wanawake na watoto ndani ya kanisa. Kesi ilipofika Bordeaux 1953, washtakiwa walikuwa 21, na 14 kati yao walikuwa wa Alsace, mkoa wa Ufaransa ulioingizwa Ujerumani 1940, yaani Wafaransa, 13 wakiwa wameandikishwa jeshini kwa nguvu. Walipohukumiwa, Alsace yote ikawaka. Bunge likapitisha msamaha ndani ya siku chache. Oradour ikarudisha nishani za serikali na kubandika majina ya wabunge waliopiga kura ya msamaha. Niambie nani hapo ana haki? Mama wa Oradour, au mama wa Alsace aliyenyang'anywa mwanawe akavishwa sare ya adui?

Mpekuzi wa Nyaraka

Haki ni ya Oradour, mkuu, nasema bila kusita. Kuandikishwa kwa nguvu ni jambo la hakimu kulipima kwenye adhabu, na mahakama ilikuwa imeshalipima. Bunge halikuwa na ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya wafu wa kijiji kingine ili mikoa isigombane. Nakubali tu kwamba uchungu wa Alsace ulikuwa wa kweli.

Na turudi kwenye swali lako la kwanza, kama Vichy ilikuwa Ufaransa. Mitterrand, aliyewahi kuitumikia Vichy kabla ya kuingia upinzani, alikataa hadi mwisho kuomba radhi kwa niaba ya jamhuri, akitumia hoja yako hasa. Na kwa miaka kadhaa shada la maua la rais lilipelekwa kaburi la Pétain. Jacques Chirac alipoingia madarakani, tarehe 16 Julai 1995, akasema kwamba kichaa cha mvamizi kilisaidiwa na Wafaransa, kilisaidiwa na dola la Ufaransa. Kwamba siku ile Ufaransa ilitenda jambo lisilorekebishika. Alikuwa mfuasi wa chama cha de Gaulle. Waliotabiri nchi itapasuka walikosea, haikupasuka.

Kijana wa Mbagala

Na wale waliofutwa, walirudishwa?

Mpekuzi wa Nyaraka

Baadhi. Tarehe 21 Februari 2024 Missak Manouchian, mpiganaji wa upinzani, Muarmenia asiye na uraia wa Ufaransa, aliingizwa Panthéon, jengo la Paris wanakozikwa mashujaa wa taifa, pamoja na mkewe Mélinée, miaka 80 kamili tangu apigwe risasi Mont-Valérien na wenzake: Wayahudi wa Poland na Hungaria, Waitaliano, Mhispania. Wajerumani walikuwa wamebandika nyuso zao kwenye bango jekundu kuonyesha kwamba upinzani ni kazi ya wageni wahalifu. Na waliowafuatilia wiki kwa wiki hadi kuwakamata walikuwa polisi wa Paris.

Kwa Thiaroye bado. Julai 2024 Ufaransa iliwatambua askari sita kuwa walikufa kwa ajili ya Ufaransa, na Novemba mwaka huo Rais Macron akamwandikia Rais Faye wa Senegal akiita tukio lile mauaji ya halaiki ya askari. Lakini sita ni nani, wakati ripoti za jeshi lenyewe zilitaja mara 35, mara 70, na wanahistoria wengine wanasema mamia? Makaburi hayajulikani yote. Senegal iliunda kamati yake ya wanahistoria mwaka 2024, ikiongozwa na Profesa Mamadou Diouf. Mwenye ripoti ya kamati ile kwa Kifaransa aiweke hapa, nitaisoma na kuileta kwa Kiswahili kwenye uzi huuhuu.